Baba kalima maisha yake yote, mwembamba, pombe hanywi: mishipa ya moyo imezibaje uzeeni?

BintiKiwira, Rungwe

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Nina swali ambalo halijanitoka kichwani tangu turudi na baba kutoka hospitali. Baba ana miaka 74. Ni mkulima wa chai na ndizi huku kwetu Kiwira, mwembamba, pombe hagusi tangu aokoke, na mpaka mwaka jana alikuwa anapandisha mlima wa shambani na mkungu begani bila kuhema. Sigara alivuta ujanani akaacha. Presha anayo, na dawa anameza akisikia kichwa kinagonga.

Mwezi wa saba, baridi ya huku mnaijua, alishikwa na mafua makali na kikohozi. Alipoanza kupata nafuu, usiku mmoja kifua kikambana, jasho jembamba likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito. Tukamkimbiza Mbeya mjini. Wakasema ni mshtuko wa moyo, mshipa mmoja unaolisha moyo umeziba. Tunamshukuru Mungu yuko hai, amerudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Daktari alikuwa na foleni ndefu, ila alituambia jambo moja ambalo sikulielewa. Alisema, "Dada, msidhani ni mafuta peke yake. Kwa umri wa mzee hata chembechembe zake za kinga zimeshiriki." Nilipotaka kumuuliza zaidi akaitwa wodini.

Mimi shuleni niliishia kujua kwamba chembechembe nyeupe zinapambana na vijidudu. Kwenye mshipa wa moyo zinatafuta nini? Na uzee unazibadilishaje? Naliuliza hili kwa sababu kuna kaka mmoja anauza unga wa "kuongeza kinga kwa wazee", kopo moja elfu themanini na tano, na ndugu zangu wameshaanza kuchanga. Mimi nasita. Kama kinga imeshiriki kumuumiza baba, kuiongeza si ndiyo kumzidishia? Jumapili tuna kikao cha familia na nataka niende na maelezo ninayoweza kuyasimamia.

Mzee wa Hadubini, Iringa

Marahaba binti, na poleni sana kwa kuuguliwa. Mimi ni mteknolojia wa maabara, nimestaafu, nakaa Kihesa hapa Iringa. Matibabu ya baba ni ya daktari wake, huko sitagusa. Lakini hizo chembechembe nyeupe nimezitazama kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali ulilouliza ndilo ninalolipenda kuliko mengine yote. Nivumilie nikiandika kirefu.

Ukiniwekea slaidi mbili za damu zilizotiwa rangi ya Giemsa, moja ya kijana wa miaka 25 na nyingine ya baba yako, nitakuhesabia neutrofili, limfosaiti na monosaiti, ambazo zote ni aina za chembechembe nyeupe, na mara nyingi sitaweza kukwambia ipi ni ya mzee. Monosaiti ni ileile, kubwa, kiini kimejikunja upande mmoja. Kilichobadilika ni tabia yake, na tabia haionekani kwenye kioo. Ndiyo maana jambo hili lilichelewa sana kujulikana, hata kwetu tuliokuwa tunaishi na damu za watu kutwa nzima.

Sasa twende kwenye mshipa. Ateri ina tabaka jembamba la ndani linalogusana na damu. Presha ya miaka mingi, moshi wa tumbaku na sukari hulichosha. Chembe za LDL, zile zinazobeba kolesteroli, hupenya chini yake, hunasa humo ukutani na kubadilika kikemikali, na mwili ukazichukulia kama kitu kisichotakiwa. Tabaka lile hutoa ishara za kuita. Monosaiti zinazopita na damu hunata pale, hujipenyeza ukutani, hugeuka kuwa makrofaji, yaani seli walaji, na kuanza kumeza mafuta. Zinameza hadi ndani yake panakuwa povu tupu, na wataalamu wakaziita seli povu. Michirizi ya kwanza ya namna hiyo hupatikana hata kwenye mishipa ya vijana. Baadaye seli za misuli ya mshipa husogea, zinafuma nyuzi za kolajeni juu yake, na hapo inakuwa plaki kamili, yaani lile lundo linalovimba ndani ya ukuta wa mshipa.

Kwa hiyo daktari wenu alisema kweli. Rudolf Virchow wa Ujerumani alikwisha kuandika katika karne ya 19 kwamba ukuta wa mshipa wenye ugonjwa huu una inflamesheni, yaani ule mwitikio wa kinga unaoleta joto na wekundu kwenye kidonda. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov huko Urusi aliwalisha sungura kolesteroli na ateri zao zikajaa mafuta, na baada ya hapo akili za wengi zikaelekea kwenye mafuta. Mwaka 1999 Russell Ross wa Marekani akauandika ugonjwa huu waziwazi kuwa ni wa inflamesheni. Mafuta na kinga hufanya kazi pamoja. Ukiondoa kimojawapo hadithi haikamiliki.

Umri unafanya nini hapo? Nianze na usafi. Seli povu hazikai milele, zinakufa. Kwa kijana, makrofaji nyingine huja mapema, huimeza maiti kabla haijapasuka, na baada ya kumeza hutoa kemikali za kutuliza eneo zima. Uwezo huo hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Fikiria wazoa taka wa soko la Mwanjelwa wakija kuzoa, wanaelemewa, wanaanguka palepale juu ya lundo, na wanaofuata nao wanaanguka juu yao. Maiti za seli hupasuka, vilivyomo vinamwagika, na katikati ya plaki panajengeka kiini laini cha uozo na mafuta. Makrofaji zilizobaki zinatoa vimeng'enya vinavyoila ile kolajeni ya juu. Kifuniko kinapungua unene, siku moja kinachanika, damu inakutana na uozo ule na kuganda juu yake. Mshipa unaziba ndani ya dakika chache.

Hapa ndipo jibu la fumbo lako lilipo, binti. Plaki inayochanika mara nyingi si ile iliyokuwa imebana njia kuliko zote. Inaweza kuwa imeacha nafasi ya kutosha damu kupita, ndiyo maana baba alipanda mlima na mkungu bila kuhema. Hakuwadanganya wala hakuficha ugonjwa.

La pili liko kwenye uboho, ndani ya mifupa, na hili nitalikalia kidogo. Chembechembe zote za damu huzaliwa huko kutoka kwenye seli mama. Seli mama hizo zinagawanyika maisha yote, na kila mgawanyiko unaweza kuacha kosa dogo kwenye jeni. Mengi hayana madhara. Lakini kosa likiangukia kwenye jeni kama DNMT3A au TET2, seli mama ile huanza kuwazidi wenzake kuzaa, na baada ya miaka sehemu kubwa ya chembe nyeupe za mtu huyo inakuwa ya ukoo mmoja. Si saratani ya damu. Mtu ni mzima, na picha kamili ya damu yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Mwaka 2014 watafiti walitoa matokeo ya kusoma jeni za damu za watu zaidi ya 17,000: chini ya miaka 40 hali hiyo ilikuwa adimu, kuanzia miaka 70 ilikuwa kwa karibu mtu mmoja kati ya kumi. Wenye ukoo huo walipofuatiliwa, saratani ya damu iliwapata wachache tu. Ugonjwa wa moyo na kiharusi ndivyo vilivyojitokeza. Mwaka 2017 ikathibitishwa kwamba hatari yao ya ugonjwa wa ateri za moyo inakaribia mara mbili, na panya waliowekewa uboho usio na TET2 waliota plaki kubwa zaidi kwa sababu makrofaji zao zilimwaga kwa wingi kemikali ya kuchochea inflamesheni iitwayo intalukini-1 beta.

Sijui baba ana hali hiyo au hana, na kumtibu hakutegemei kujua. Nakuandikia kwa sababu imenigusa binafsi. Majibu ya damu za wazee niliyoyaandika "kawaida" ni mengi mno, na yalikuwa ya kawaida kwa kila kipimo tulichokuwa nacho mezani.

Tatu, seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti. Hizi hukomaa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Tezi hiyo huanza kusinyaa tangu utotoni na uzeeni inakuwa mafuta matupu karibu yote. Seli T mpya zinakuwa chache, zilizobaki ni za zamani zenye kumbukumbu za maradhi yaliyopita. Nyingi kati ya hizo hushughulika na virusi vya CMV, ambavyo huku kwetu watu wengi huvipata tangu wadogo na vinakaa mwilini kimya maisha yote. Seli T hizi zilizochoka hutoa intaferoni gama kwa wingi, na zikifika kwenye plaki kemikali hiyo huzizuia seli za misuli kufuma kolajeni mpya. Kwa hiyo kifuniko kinaliwa upande mmoja na hakikarabatiwi upande wa pili.

Juu ya hayo, ukuta wenyewe wa mshipa wa mzee nao hutoa ishara nyingi za kuita monosaiti. Intalukini-6 na CRP, protini za damu zinazopanda panapokuwa na inflamesheni, zinabaki juu kidogo kila siku hata mtu asipoumwa. Claudio Franceschi wa Italia aliieleza hali hiyo mwaka 2000, na tangu hapo imefanyiwa kazi sana.

Sasa unga. Kinga ya baba imepungua kwenye jambo moja, kukabili vijidudu vipya, na imezidi kwenye jingine, kuchochea inflamesheni ndani ya mwili wake mwenyewe. Hakuna unga unaojua kutenganisha hayo mawili. Swali lako la kusita ni sahihi kabisa. Hizo pesa zilindeni, zitahitajika kwa dawa na nauli za kliniki.

Kijana wa Mafinga

Mzee, kamwene. Nimesoma mpaka mwisho, lakini kuna kitu kinanitatiza. Babu zetu waliishi na malaria, minyoo, vidonda vya jembe na kikohozi mwaka mzima. Kinga zao zilikuwa zimechochewa kila siku. Kama inflamesheni ndiyo inayoziba ateri, mbona hatukusikia wakidondoka kwa moyo? Mimi naona tatizo ni chipsi na mafuta ya kupikia ya siku hizi.

Sista Uyole, Mbeya

Dada BintiKiwira, pole na uuguzi, kazi ya kumlea mgonjwa nyumbani naijua. Mimi ni muuguzi, kila wiki nakutana na wazee wa namna ya baba kwenye kliniki ya presha na moyo, kwa hiyo niache ya kwenye uboho niseme ya kwenye mfuko wa dawa.

Umeandika kwamba dawa ya presha anameza akisikia kichwa. Dada, hapo nimeshtuka. Presha ya kupanda inaweza kuwa juu sana na kichwa kisiume hata kidogo. Mtu akisubiri kichwa, mishipa inaendelea kupigwa siku zote za katikati. Lile tabaka la ndani analolisema Mzee linaumia kimya. Dawa ni kila siku, saa ileile, akijisikia vizuri na akijisikia vibaya. Nunueni mashine ya kupima ya mkononi kama mnaweza, familia ikichangia haifikii hata makopo mawili ya ule unga, na muandike namba kwenye daftari mje nalo kliniki.

La pili, angalieni ndani ya mfuko. Baada ya mshtuko wa moyo, wagonjwa wengi huandikiwa aspirini na statini pamoja na dawa nyingine. Ninachokiona ni hiki: pakiti ya kwanza ikiisha mgonjwa anasema nimepona, harudi. Statini inashusha kolesteroli, na ile CRP ambayo Mzee ameitaja nayo hushuka. Hiyo ndiyo dawa ya kutuliza plaki aliyonayo tayari nyumbani. Asiiache bila kuambiwa na daktari.

Kuhusu mafua. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitika ana mafua ya influenza, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda kama mara sita. Sisi huku juu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, wazee wanakohoa nyumba nzima. Muulizeni daktari kuhusu chanjo ya influenza. Mtu yeyote mwenye mafua asiende kulala na mzee chumba kimoja kumpasha joto, nimeona hilo likifanyika kwa upendo mwingi na mzee akaja kulazwa. Na mjue kwamba mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kali. Ukiona tu amekuwa mzito kuamka, hataki kula, anachanganya maneno, anapumua haraka, mleteni.

Jingine dogo: kama anaota moto jikoni kwenye kuni na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, fungueni. Moshi ule unaingia kwenye mishipa vilevile.

Na nitasema hili kwa nguvu. Unga usio na maelezo ya kilichomo, kwa mtu anayetumia dawa za moyo, ni hatari. Unaweza kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda, unaweza kuumiza figo au ini. Tunaletewa wagonjwa wa aina hiyo, inatuuma.

Wa Makambako

Samahani kwa kuingilia mada ya mwenzetu. Mimi niko Makambako, nina miaka 54, natumia ARV tangu 2007. Virusi havionekani kwenye kipimo, CD4 ziko juu, na kliniki huniambia kinga yangu ni nzuri. Mkoa wetu wa Njombe unajulikana nchini kwa kiwango cha juu cha maambukizi, kwa hiyo hili ninaloliuliza linawahusu wengi ambao hawataandika hapa. Hii habari ya seli za kinga kuzeeka, na sisi tumo? Kaka yangu mkubwa, naye alikuwa kwenye dawa, alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 57. Tulisema ni presha tu.

Mzee wa Hadubini, Iringa

Ndugu yangu wa Makambako, pole kwa kaka, na ahsante kwa kuuliza mbele za watu. Mpo, tena mnahusika sana. Msamaha wa kuingilia mada hauhitajiki, kwa sababu ni mada ileile.

CD4 ni idadi ya aina moja ya seli T. Tumewahesabia watu CD4 kwa miaka mingi na idadi ile imeokoa maisha, lakini nayo, kama slaidi yangu, haionyeshi tabia. Virusi vikishadhibitiwa kwa dawa, sehemu ya kinga hubaki imechochewa. Ukuta wa utumbo uliojeruhiwa mwanzoni mwa maambukizi hauponi wote, vipande vya bakteria vinavuja kuingia kwenye damu, monosaiti zinaamka. Seli T nyingi zinafanana na za mtu mwenye umri mkubwa kuliko wewe, na CMV inachangia. Kwa ujumla hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa anayeishi na VVU ni takriban mara mbili ya asiyekuwa navyo.

Usije ukafikiri ARV ndizo adui. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2006, uitwao SMART, uliwalinganisha walioendelea na dawa na waliokuwa wakizisimamisha kwa vipindi. Waliosimamisha walikufa zaidi na walipata matatizo ya moyo zaidi. Virusi vikirudi, inflamesheni inapanda navyo. Kwa hiyo kidonge chako cha kila siku kinalinda na moyo pia.

Tena kuna habari njema. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa REPRIEVE, watu 7,769 wanaoishi na VVU, wenye miaka 40 hadi 75, katika nchi kadhaa zikiwemo jirani zetu Uganda, na hatari yao ya moyo ilikuwa ya chini au ya wastani. Nusu walipewa pitavastatini. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa karibu 35%. Nenda kliniki yako na swali moja: umri wangu na presha yangu, je, statini inanifaa? Na uwatajie ARV unazotumia kwa majina, maana baadhi ya statini, hasa simvastatini, hazichanganywi kabisa na baadhi ya ARV.

Kijana wa Mafinga, kamwene. Pingamizi lako ni zuri na lina jibu la kweli. Huko Bolivia kuna watu wanaoitwa Watsimane, wanalima, wanavua, wanawinda. Wana minyoo na maambukizi kama uliyoyataja, na kwa karibu nusu yao CRP ilikuwa juu. Mwaka 2017 ilichapishwa picha ya ateri za moyo za watu wazima 705 kati yao: 85% hawakuwa na chokaa yoyote ya plaki, na mishipa ya mzee wa miaka 80 ilifanana na ya Mmarekani wa hamsini na kitu. LDL zao ni za chini, karibu miligramu 90 kwa desilita, presha zao chini, tumbaku kidogo, wanatembea kutwa. Inflamesheni pekee, bila mafuta ya kutosha ya kunasa ukutani, haikutosha kuwajengea plaki. Kwa hiyo kuhusu mafuta una hoja. Lakini mafuta yakishaingia ukutani miaka arobaini iliyopita, kinachoamua kama plaki italala au itachanika ni hizi seli, na seli zimezeeka. Na tusiwasemee sana babu zetu. Wengi walikufa mapema kwa mengine, na aliyefia kitandani usiku hakupimwa na mtu.

BintiKiwira, Rungwe

Mzee, Sista, ndaga fijo. Nimesoma mara mbili na nimemwonyesha mama. Ile ya plaki kuchanika imemtuliza sana, alikuwa anajilaumu kwamba alimwacha mzee abebe mikungu wakati ni mgonjwa. Dawa ya presha nimeihamishia kwangu, nampa mwenyewe asubuhi na chai.

Swali la mwisho. Kaka yangu aliyeko Dar kasema, kama shida ni inflamesheni basi ipo dawa ya gauti ambayo Ulaya wanapewa wagonjwa wa moyo, na kwamba hapa inapatikana famasi. Anataka kututumia. Ni kweli?

Mzee wa Hadubini, Iringa

Kaka yako kasoma kitu cha kweli, ila asitume.

Wazo la kutuliza kinga lilijaribiwa kwa watu kwanza kwa dawa iitwayo kanakinumabu, inayozuia ile intalukini-1 beta. Utafiti huo, CANTOS, ulitoa majibu mwaka 2017: wagonjwa 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wenye CRP ya juu. Kipimo cha miligramu 150 kila miezi mitatu kilipunguza matukio kwa 15% huku LDL ikibaki palepale. Nilifurahi sana, maana hapo ndipo ilipothibitika kwa binadamu kwamba inflamesheni inasababisha, haiambatani tu. Lakini waliopata dawa walikufa zaidi kwa maambukizi. Unaona ile hoja ya unga ikirudi kwa upande wa pili: ukiishusha kinga ya mzee bila kuchagua, vijidudu vinapata njia. Mwaka uliofuata yakatoka majibu ya metotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, kwa kipimo kidogo: haikusaidia mishipa hata kidogo. Si kila kinachotuliza kinga kinatuliza plaki.

Dawa ya gauti anayoisema ni kolchisini. Nusu miligramu kwa siku, katika utafiti wa 2019 kwa watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo, ilipunguza matukio kwa 23%, na wa 2020 kwa wenye ugonjwa wa ateri uliotulia, 31%. Marekani waliiidhinisha kwa moyo mwaka 2023. Ni dawa ya bei ndogo na ndiyo sababu inanipa matumaini kwa nchi yetu. Hata hivyo si kila utafiti uliofuata ulipata faida hiyo, na kipimo kinachodhuru hakiko mbali na kinachotibu. Figo za mtu wa miaka 74 mwenye presha ya muda mrefu zinaweza kuwa zimechoka, kolchisini ikashindwa kutoka mwilini na kumharibu misuli na uboho. Baadhi ya viuavijasumu vya kifua, klarithromaisini kwa mfano, huipandisha mno kwenye damu, na baba ndiye huyo anayepata kikohozi kila mwezi wa saba.

Siku ya kliniki mwombeni daktari kipimo cha kreatinini ili mjue figo zikoje, halafu kaka aulize yeye mwenyewe kwa simu kuhusu kolchisini. CRP msikimbilie kupima akiwa bado anakohoa, itapanda kwa sababu ya kikohozi. Na mbebe makopo na pakiti zote anazotumia, hata mizizi ya miti shamba iliyoko chini ya kitanda, mkaimwage mezani daktari aione.